Muguka na Marufuku ya Mwaka 2024

Mji wa Voi umesimama njiapanda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo kuelekea bara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi lake likachepuka kwenda Taveta na mpaka wa nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita hapo pia, na njia ya Mwatate na Taveta huanzia hapo. Wakazi wa Kaloleni na mitaa mingine ya mji huo wamezoea kuona mali za watu wengine zikipita usiku na mchana: magari na mafuta ya bandarini yakipanda bara, chai na mboga za bara zikishuka pwani. Mengi hupita bila kuacha kitu ila vumbi na kelele. Machache hushuka, yakauzwa vibandani, yakaingia katika maisha ya watu. Mojawapo ni jani la muguka.

Mwezi wa Mei, 2024, jani hilo liliwagombanisha watu wa Pwani na watu wa Embu, magavana na Rais, wazazi na wafanyabiashara. Kaunti tatu za Pwani, Taita Taveta ikiwa moja yao, zililipiga marufuku. Nao wenye biashara wakajibu kwa haraka kubwa. Ugomvi huo ulifunua swali lililokuwako siku nyingi: ni nani mwenye haki ya kukataza kitu ambacho sheria ya nchi imekikubali, na ambacho wazazi wa mahali wamekichoka? Ili kulijibu yatupasa kwanza kulijua jani lenyewe, kisha historia ya makatazo yake, ndipo tufike kwenye mambo ya mwaka huo.

Muguka ni aina ya mmea ambao wataalamu huuita Catha edulis, na Waswahili huuita mirungi au miraa. Miraa ya Meru, itokayo hasa Igembe na Tigania katika milima ya Nyambene, huuzwa kwa vishada vya vijiti. Mlaji humenya gome laini na kulitafuna. Muguka hutoka Mbeere, sehemu ya chini na kavu ya Kaunti ya Embu, nao huchumwa majani na vichipukizi tu, ukatiwa mifukoni. Mlaji huyaweka majani shavuni, akayatafuna polepole pamoja na njugu au ubani wa dukani, akayaacha hapo saa nyingi. Bei yake ni nafuu kuliko ya miraa ya Meru. Kwa hiyo muguka umekuwa mirungi ya mtu mwenye kipato kidogo: kijana wa kibarua, mwendesha pikipiki, mlinzi wa usiku, utingo wa lori.

Ndani ya jani bichi mna dutu iitwayo kathinoni, ambayo maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua mwaka 1975. Kathinoni huchangamsha akili na mwili, hufukuza usingizi na njaa, na humfanya mtu awe mwingi wa maneno. Nguvu hiyo haidumu. Jani likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa dutu nyingine dhaifu iitwayo kathini, na baada ya siku mbili hivi jani limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Jambo hilo dogo la kikemia ndilo linalotawala biashara nzima. Mchumaji huchuma kwa haraka, mfungaji hufunga kwa haraka, na madereva wa mirungi wamejipatia sifa mbaya barabarani kwa sababu ya mbio zao. Mahindi yakizuiliwa njiani juma moja, hubaki mahindi. Muguka ukizuiliwa siku mbili, huwa takataka. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana litaeleza mengi tutakapofika kwenye kesi.

Kwa mkulima wa Mbeere mmea huu ni neema. Ardhi yake ni kame, na mvua ikikosekana mahindi na maharagwe humtupa mkono. Mti wa muguka hustahimili ukavu, nao huchumwa mara nyingi kwa mwaka, hivyo humpa mwenyewe fedha za mara kwa mara badala ya fedha za msimu mmoja. Karo za shule hulipwa kwa jani hilo, nyumba hujengwa kwalo, na wagonjwa hupelekwa hospitali kwalo. Nyuma ya mkulima wako wachumaji, wafungaji, wenye magari, na wauzaji wa rejareja, wengi wao wakiwa wanawake na vijana wasio na kazi nyingine. Tunaposema "biashara ya muguka", tusidhani ni matajiri wachache waliokaa ofisini. Ni mnyororo mrefu wa watu wadogo, kutoka shamba la Mbeere hadi kibanda cha Voi.

Kwa upande wa mlaji habari ni mchanganyiko. Wako wanaotafuna kidogo wakaendelea na kazi zao bila taabu inayoonekana. Lakini aliyezoea sana hukosa usingizi, hupoteza hamu ya chakula, moyo humwenda mbio, meno huharibika, na mchana wake wote hupotea akitafuta jani au akitafuna. Utafiti umeonyesha pia kwamba ulaji mwingi huandamana na maradhi ya akili kwa baadhi ya watu, hasa wale waliokwisha kuwa na udhaifu huo. Hata hivyo, kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliyoyachunguza mambo haya mwaka 2006 haikupendekeza mirungi iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni iliyotengwa peke yake imo katika orodha ya dutu zinazodhibitiwa. Basi mtu anayetaka kulitetea jani hupata la kusema katika elimu ya wataalamu, na anayetaka kulishtaki naye hapungukiwi na maneno.

Mabishano haya si mapya. Katika miaka ya 1940 watawala wa Kiingereza walijaribu kuzuia ulaji wa miraa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wakihofia kwamba inawadhoofisha watu wa huko. Walaji hawakuacha, njia za kificho zikafunguka, na baada ya miaka kadhaa makatazo hayo yakafifia. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aden, mji wa bandari uliokuwa koloni la Uingereza upande wa pili wa bahari. Mwaka 1957 serikali ya koloni hilo ilipiga marufuku mirungi. Lakini Aden ilizungukwa na nchi za masultani ambako mirungi haikukatazwa. Watu wa mjini walitoka nje kidogo tu ya mpaka, wakatafuna huko, wakarudi. Serikali ikapoteza ushuru wake bila kuwaondolea watu mazoea yao, na mwaka 1958 ikaifuta marufuku hiyo.

Katika zama zetu wenye biashara ya miraa ya Kenya wamefungiwa milango kadhaa. Uholanzi iliikataza mwezi wa Januari, 2013. Uingereza, iliyokuwa ikipokea zaidi ya tani 2,000 kwa mwaka, iliikataza mwezi wa Juni, 2014, ingawa baraza la wataalamu lililoishauri serikali hiyo lilikuwa limesema kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuikataza. Somalia ilizuia miraa ya Kenya tangu mwezi wa Machi, 2020, mpaka mwezi wa Julai, 2022. Kila mlango ulipofungwa, wakulima wa Meru na Embu walipiga kelele Nairobi, na serikali ikalazimika kujibu. Mwaka 2016 Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 ilirekebishwa ili miraa ihesabiwe miongoni mwa mazao yanayotambuliwa na kusimamiwa na serikali. Mwaka 2023 zikatoka Kanuni za Mazao kuhusu miraa, nazo zikautaja muguka pia. Kwa hiyo jani ambalo mataifa ya ng'ambo yalilifanya haramu lilipata nyumbani hadhi ya zao rasmi. Hapo ndipo ngao ya wafanyabiashara ilipofuliwa, mwaka mmoja kabla ya vita.

Huko Pwani, wakati huo huo, manung'uniko yalikuwa yakikua. Wazazi walilalamika kwamba vijana wao hushinda barazani na vibandani shavu limefura, wameacha shule na kazi. Mashehe na wachungaji walilisema jambo hilo misikitini na makanisani. Ilisemwa pia kwamba jani linauzwa hata kwa watoto, karibu na shule, na kwa bei ambayo mtoto aweza kuimudu. Serikali za kaunti zenyewe zilikuwa katika hali ya kutatanisha: kwa mkono mmoja zilitoza ushuru na leseni kwa magari na vibanda vya muguka, na kwa mkono wa pili zilibeba gharama za hospitali na vituo vya kuwarekebisha vijana walioharibika.

Katika juma la nne la mwezi wa Mei, 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Sheriff Nassir, alitoa agizo la kukataza muguka kuingizwa, kusafirishwa, kuuzwa na kutumiwa katika kaunti yake. Gavana wa Kilifi, Gideon Mung'aro, akamfuata. Kabla ya mwezi kwisha Gavana Andrew Mwadime wa Taita Taveta naye akatangaza marufuku. Hatua hii ya tatu ilikuwa na uzito wake. Magari ya muguka yaendayo Pwani hushika barabara ya Mombasa, nayo barabara hiyo hupita Voi, kilomita zipatazo 160 kabla ya kufika baharini. Mombasa na Kilifi zilikuwa zimefunga masoko. Taita Taveta, kama ingeweza kulitimiza agizo lake, ingefunga njia yenyewe.

Jibu la wenye biashara lilikuja kwa namna tatu, na kila moja yafaa iangaliwe kwa makini.

Jibu la kwanza lilikuwa la siasa. Gavana wa Embu, Cecily Mbarire, aliwakusanya viongozi wa kaunti yake, wakaenda kwa Rais William Ruto. Tarehe 27 Mei, baada ya kuonana nao, Ikulu ilitangaza kwamba makatazo ya kaunti ni batili, kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa iliyopitishwa na Bunge. Jibu la pili lilikuwa la mahakama. Wakulima walikwenda Mahakama Kuu ya Embu, ambayo katika juma hilo hilo ilitoa amri ya kusimamisha marufuku kwa muda hadi kesi isikilizwe. Jibu la tatu lilikuwa la maneno: wakulima na wauzaji walieleza hadharani kwamba wanaishi kwa jani hilo, wakauliza kwa nini pombe na sigara, ambazo madhara yake yanajulikana na kila mtu, zinauzwa kwa leseni ilhali zao lao linafukuzwa barabarani.

Sasa msomaji akumbuke habari ya kathinoni. Kesi ya kawaida yaweza kuchukua miezi au miaka. Mkulima wa kahawa aweza kungoja. Mkulima wa muguka hawezi. Kwake amri ya muda, itakayolifungua gari leo usiku, ni kubwa kuliko hukumu ya haki itakayotolewa mwakani. Ndiyo sababu walikimbilia amri ya kusimamisha, na ndiyo sababu walimwendea Rais kabla ya jambo lingine lolote. Mwendo wa biashara hiyo ulifuata mwendo wa jani.

Tukiacha mbio hizo, hoja za sheria zilikuwa na nguvu pande zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti. Kaunti zimepewa huduma za afya, kilimo, usimamizi wa biashara, na tena, kwa maneno yaliyo wazi, udhibiti wa dawa za kulevya. Magavana wa Pwani walisimama juu ya maneno hayo. Kama kaunti haiwezi kuzuia kitu kinachowaharibu vijana wake, udhibiti huo una maana gani?

Wapinzani wao walikuwa na ngazi yao ya kupandia. Kifungu cha 191 cha Katiba hueleza nini kifanyike sheria ya taifa na sheria ya kaunti zikigongana. Katika mambo yanayohitaji utaratibu mmoja nchini kote, sheria ya taifa hutangulia. Kifungu cha 209 nacho chakataza kaunti kuitumia mamlaka yake ya kutoza kodi kwa namna itakayodhuru biashara ipitayo mipaka ya kaunti. Ni kweli kwamba kifungu hicho chasema habari za kodi, wala hakitaji marufuku. Lakini roho yake ni dhahiri. Kenya ni soko moja. Ikiwa Taita Taveta yaweza kulizuia jani la Embu, Embu nayo yaweza kuyazuia maembe ya Taita Taveta, na nchi itarudi kuwa vijiji vinavyotozana njiani.

Kuna jambo la tatu ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni la utaratibu. Agizo la gavana si sheria. Sheria ya kaunti hutungwa na baraza la kaunti, baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni yao, kama Katiba inavyotaka. Agizo hutoka ofisini kwa siku moja, na kwa hiyo mahakama yaweza kulisimamisha kwa siku moja. Jirani zetu wa Uganda walilipata somo hilo hata kwa sheria kamili. Mwezi wa Mei, 2023, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya, iliyokuwa imekataza mirungi, kwa sababu Bunge lilipoipitisha halikuwa na akidi. Waliofungua kesi hiyo walikuwa chama cha wakulima na wafanyabiashara wa mirungi wa Wakiso. Bunge likalazimika kuanza upya na kutunga sheria nyingine. Wakulima wa Wakiso hawakuhitaji kuthibitisha kwamba mirungi haina madhara. Ilitosha kuonyesha kwamba viti vya wabunge vilikuwa vitupu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake. Nchini Marekani, mwaka 2018, sheria ya taifa ya kilimo iliruhusu kulimwa kwa mmea wa jamaa ya bangi unaotumiwa kwa nyuzi na mbegu, mradi kiasi cha dutu yake ya kulevya, iitwayo THC, kisizidi asilimia 0.3. Wakulima walikusudiwa kunufaika kwa nyuzi. Lakini wenye viwanda walipata njia ya kutoa katika mmea huo halali peremende na vinywaji vinavyolevya, vikauzwa madukani. Majimbo mengi yakaanza kuvikataza. Huko Texas baraza la kutunga sheria lilipitisha marufuku mwaka 2025. Wenye biashara wakalia kwamba watafilisika, na mwezi wa Juni mwaka huo Gavana Greg Abbott akakataa kutia sahihi, akisema kwamba marufuku ile isingesimama mbele ya mahakama kwa kuwa sheria ya taifa imeruhusu mmea huo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Bunge la Marekani lenyewe likabadili sheria yake ili kuvifungia mlango vitu hivyo baada ya mwaka mmoja. Msomaji ataona mfanano: serikali kuu huhalalisha zao shambani, serikali ya mahali hukutana na madhara yake mtaani, na kati ya shamba na mtaa husimama wafanyabiashara wakiwa na sheria mkononi. Ataona pia tofauti. Huko Marekani swali lilirudi mahali lilipoanzia, yaani Bunge la taifa.

Turudi Voi. Mahali hapa panaonyesha vizuri kuliko pengine popote jinsi mpaka unavyoligeuza jani moja kuwa vitu viwili. Mtu akishika njia ya Taveta akafika Holili, ameingia Tanzania. Huko mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, na mkulima wa Same katika milima ya Upare akikutwa nayo shambani hung'olewa miti yake na kupelekwa mahakamani. Upande wa Taveta jani la namna ile ile ni zao rasmi la serikali. Katika siku zile chache za Mei, 2024, mpaka ulitaka kusogezwa hadi ndani ya Kenya, uwekwe mahali fulani katika nyika ya Tsavo, kati ya Mtito Andei na Voi. Mahakama na Rais walikataa usogezwe.

Je, nani alishinda? Kwa kipimo cha sheria, wenye biashara walishinda raundi ile. Walikuwa na zao lililotambuliwa, walikuwa na viongozi waliosikilizwa, na walijua kwenda mahakamani mapema. Lakini yafaa tuangalie walishinda kwa hoja gani. Walishinda kwa hoja ya mamlaka. Walisema, "Ninyi hamna uwezo wa kutukataza." Hoja ya pili, kwamba jani haliwadhuru vijana wa Pwani, haikuthibitishwa na mtu yeyote katika juma lile, wala tangazo la Ikulu halikuijibu. Mama wa Kaloleni ambaye mwanawe halali usiku wala hafanyi kazi mchana hakuambiwa neno lolote lililomhusu yeye. Aliambiwa kwamba muguka umo katika Sheria ya Mazao. Alikuwa ameuliza habari za mtoto, akajibiwa habari za zao.

Magavana nao hawawezi kukwepa lawama. Kama udhibiti wa dawa za kulevya ni kazi ya kaunti, basi yalikuwako mambo mengi ambayo kaunti ingeweza kuyafanya kwa uwezo wake bila kulizuia gari lolote barabarani: kukataza uuzaji kwa watoto na kuufuatilia kweli, kuviondoa vibanda karibu na shule, kuweka saa za kuuza, kuutumia ushuru wa muguka kwa ajili ya matibabu, na kupeleka mbele ya baraza la kaunti mswada uliosikilizwa na wananchi. Kazi hizo ni za polepole, hazina tarumbeta. Marufuku ina tarumbeta. Hutangazwa leo, husifiwa kesho, na husimamishwa kesho kutwa. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na methali hiyo yawafaa watawala sawasawa na wasafiri.

Historia tuliyoipitia hutufundisha zaidi ya hayo. Aden ilishindwa kwa kuwa ilifunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Uganda ilishindwa kwa kuwa ilifunga mlango bila kufuata desturi ya kuufunga. Uingereza ilifaulu kuifunga bandari yake, lakini hasara ikahamia Meru, kwa wakulima ambao hawakuulizwa neno. Katika habari zote hizi, marufuku haikuondoa ile haja iliyomfanya mtu atafune. Kijana asiye na kazi anayetafuna ili siku ipite atabaki na siku ndefu hata jani likiondolewa. Mkulima wa Mbeere aliyeng'olewa miti yake atabaki na ardhi kavu. Sheria inayowaangalia hawa wawili pamoja haijatungwa bado, wala haitatungwa na upande mmoja peke yake, maana mmoja anaishi Embu na mwingine Voi, na kila mmoja ana gavana wake.

Kwa sababu hiyo mzozo wa muguka unastahili kusomwa na vijana wa shule, ambao kesho watakuwa madiwani, mahakimu, wakulima na wazazi. Umetuonyesha Katiba ikifanya kazi yake: kaunti ilisema, serikali ya taifa ikajibu, mahakama ikasimama katikati, wala hakuna aliyeshika rungu. Hilo ni jambo la kushukuru. Umetuonyesha pia kikomo cha Katiba. Inaweza kuamua gari lipite au lisipite. Haiwezi kumwamulia kijana wa Kaloleni afanye nini na saa zake kumi na mbili za mchana. Swali hilo lilibaki Voi wakati magari ya Embu yalipoendelea na safari yake kwenda Mombasa.